Alama Kumi na Nne za Wali

Mwezi wa Juni mwaka 1983, katika shule moja ya wasichana hapa Ramat Gan, Israeli, mkaguzi wa somo la Imani, Desturi na Maadili alimnyang'anya mwanafunzi alama kumi na nne kwa kosa la kusema ukweli kuhusu wali, kisha akamwondoa darasani mwalimu aliyemfundisha ukweli huo. Mwanafunzi aliitwa Ahuva Kattan. Mwalimu aliitwa Nazima Darwish. Nataka majina hayo yasomwe kabla ya cheo cha mtu yeyote, kwa kuwa katika kumbukumbu za bodi iliyosimamia shule zetu hayakuandikwa, na hayakuachwa kwa bahati mbaya.

Nazima alizaliwa Baghdad mwaka 1931. Baba yake alikuwa karani wa forodha, mtu mpole, mwenye imani moja kali: mtoto wa kike asiyejua kubishana amelelewa nusu. Kila Sabato, baada ya chakula, aliwatupia wanawe swali la sheria, na hakuna aliyegusa tamutamu mpaka ameutetea upande asioupenda. "Mtetee kwanza jirani," alikuwa akisema. "Ukimaliza, jitetee." Nazima alikuja kuniambia kwamba utotoni alikula halua chache sana, kwa sababu jirani alikuwa anamshinda kumtetea.

Mwaka 1951 familia nzima ilipanda ndege kuja huku, kila mtu na mkoba mmoja. Uwanjani walinyunyiziwa dawa ya wadudu kama kuku, kisha wakapangwa mbele ya meza ya karani.

"Jina?"

"Nazima."

"Hilo jina gani? Hapa tunaandika Nehama."

"Andika upendavyo, bwana. Ukiniita Nehama sitageuka."

Karani aliandika Nehama. Kwa miaka hamsini barua za serikali zilifika kwa Nehama, na Nazima akawa anazipokea kwa niaba ya mwanamke huyo ambaye, kwa maneno yake, hakuwahi kumwona. Aliishi katika hema miaka miwili. Mchana alifunga machungwa katika makasha, jioni alisoma. Aliolewa na Salman, fundi wa mabasi, akazaa watoto watatu, na mwaka 1959 akapata cheti cha ualimu. Kutoka hapo hadi siku ninayoieleza alifundisha somo lile lile, katika shule ile ile, miaka ishirini na minne.

Mimi nilifika shuleni hapo mwaka 1981 nikiwa na shahada ya chuo kikuu na kiburi chake. Nilikuwa nafundisha historia, na kwa mwaka mmoja nilikaa nyuma ya darasa la Nazima nijifunze somo lake, maana nilitakiwa kumsaidia kusahihisha. Nilitarajia kukuta wasichana wakikariri. Nilikuta soko.

"Watu wawili wamekwama njiani na punda wao," alisema siku moja, bila salamu. "Mmoja ni rafiki yako, punda wake ameelemewa, anataka kupakuliwa. Wa pili ni adui yako, anataka kupakiwa. Mikono unayo miwili. Unaanza na nani?"

"Rafiki!" walipiga kelele nusu ya darasa.

"Punda," alisema mwingine. "Punda hajamkosea mtu."

"Jibu zuri. Wazee wetu nao waliwaza hivyo, anayeumia kwanza. Nani ana jingine?"

Ahuva Kattan alisimama. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mdomo wake haukujua kupumzika. "Adui, Mwalimu. Nikimpakia mzigo wake mbele za watu, atakufa kwa aibu."

Darasa likacheka. Nazima hakucheka. "Huo si wema, mwanangu. Hicho ni kisasi kilichovaa nguo za Sabato. Lakini umesimama mlangoni pa jibu. Unaanza na adui, naam. Sababu yake ni nini?"

Ahuva alikuna shingo. "Ili... moyo wangu uzoee?"

"Kaa chini," alisema Nazima, na sauti yake ilibadilika. "Kaa, kabla hujaliharibu."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Katika vitabu vyetu vya sheria, rai ya walioshindwa imeandikwa pembeni ya rai ya walioshinda, na mara nyingi imetangulia. Walimu wengine waliruka mistari hiyo kwa kuwa haitoki kwenye mtihani. Nazima aliitaka kwanza. Msichana aliyetaka kupinga rai fulani alilazimika kuieleza vizuri hadi mwenye rai hiyo, angekuwapo, angetikisa kichwa akikubali. Hayo ndiyo maadili aliyolipwa kuyafundisha, na kwa hayo hayo aliadhibiwa.

Sasa nije kwenye wali. Wakati wa Pasaka Myahudi hali ngano wala shayiri iliyochachuka. Hapo hapana ubishi. Ubishi uko kwenye wali. Waliotoka Poland na Urusi na nchi za jirani hawagusi wali, dengu wala maharage wiki hiyo yote. Ni desturi waliyojiwekea, ya karne nyingi, nao wanaishika kwa uchungu. Sisi tuliotoka Baghdad tunakula wali. Tunaula baada ya kuuchagua mara tatu. Mchele unamwagwa juu ya kitambaa cheupe, unasogezwa kwa kidole punje baada ya punje, isije ikawa punje moja ya ngano imejificha humo. Mchaguaji haongei, hasinzii, hapokei wageni. Ikionekana ngano, hesabu inaanza upya. Na marabi wa Babeli, ambao mijadala yao ndiyo mama wa sheria zote tunazozijua, sisi na wa Poland pamoja, waliuweka wali kwenye meza ya Pasaka bila kuona haya. Babeli ni wapi? Babeli ni kwetu.

Swali la nne la mtihani wa mwaka ule liliuliza: taja vyakula vitano vinavyoruhusiwa wakati wa Pasaka na vitano vinavyokatazwa, na ueleze sababu. Ahuva aliutaja wali wa kwanza katika vinavyoruhusiwa, akaeleza kuchagua mara tatu, akaongeza kwamba ndugu zetu wa Poland wana desturi nyingine inayostahili heshima. Nazima alimpa alama zote ishirini. Nami nilipitia baada yake, nikaridhika. Jumla yake ikawa sitini na nane. Chuo cha ualimu kilitaka sitini, na Ahuva hakutaka kitu kingine duniani ila chuo hicho. Alitaka kufundisha somo la Nazima. Alikuwa ameshalisema hilo kwa mama yake, kwa muuza mboga, na kwa dereva wa basi namba hamsini na moja.

Tarehe 27 Juni mkaguzi wa bodi, Rabi Hanoch Perlow, alikuja na karatasi ile. Alikuwa amekata alama kumi na nne. Pembeni, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika: *Nyumbani kwenu hakuna sheria?*

Tulikuwa wanne ofisini kwa mkuu wa shule: Rabi Perlow, mkuu mwenyewe Bi Gittel Shternfeld, Nazima, na mimi. Ahuva aliketi nje kwenye benchi. Rabi Perlow hakuwa mtu mkali. Alikuwa na adabu zote, na nasema kwa makusudi kwamba adabu zake hazimpunguzii hatia yoyote.

"Mwalimu Darwish, karibu ukae."

"Nitasimama, Rabi. Nikikaa nasahau."

"Binti huyu ameuandika wali katika orodha ya vinavyoruhusiwa."

"Mwandiko unasomeka?"

"Unasomeka vizuri sana."

"Basi tatizo ni nini?"

Bi Shternfeld aliangalia dari. Rabi Perlow alitabasamu kwa subira. "Tatizo ni kwamba wali umekatazwa."

"Kwa nani?"

"Mwalimu, tusianze."

"Ngoja basi nikusaidie," alisema Nazima, akavuta pumzi, akaanza kumtetea. Hakumkejeli. Alieleza nchi za baridi alikotoka baba yake Perlow, maghala ambamo ngano na dengu zililala pamoja, magunia yale yale, kinu kile kile, unga ambao mama wa nyumba hawezi kuujua ulikotoka. Alieleza hofu ya mama huyo, kwamba anaweza kumlisha mwanawe dhambi bila kujua, na jinsi alivyoamua kujinyima chakula halali, miaka mia saba, yeye na wajukuu zake, hata katika miaka ya njaa, ili asiikaribie haramu. "Huo ni upendo, Rabi," alisema. "Mtu anayeucheka hajui sheria ni nini. Wasichana wangu hawaucheki. Soma mstari wa mwisho wa Ahuva."

Rabi Perlow alikuwa amevua miwani. "Umeeleza kuliko alivyonieleza baba yangu," alisema, na naamini alisema kweli. "Ahsante. Sasa tia sahihi hapa."

"Hiyo ilikuwa zamu yako. Sasa ni zamu yangu."

"Mwalimu Darwish..."

"Wewe umeng'oa uzio wa shamba la babu yako, ukaja kuusimika kwenye shamba letu, halafu umemtoza mtoto faini kwa kuuruka. Wazee wetu hawakuwa na uzio huo. Walikuwa na macho. Walichagua."

"Tumekuja hapa kutoka nchi sabini," alisema Rabi Perlow, sasa bila tabasamu. "Kila nyumba ikibaki na sufuria lake, tutakuwa makabila sabini. Taifa moja, desturi moja. Mtihani hauwezi kuwa na majibu mawili."

"Nimekubali. Sufuria moja. Basi liwe la kwangu, lina wali."

Bi Shternfeld alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Huu si mzaha, Mwalimu."

"Wangu ni mzaha. Wako ndio si mzaha." Nazima aliweka kidole juu ya wino mwekundu. "Umemuuliza mtoto kama kwao kuna sheria. Bibi yake ana miaka themanini na miwili. Macho yanamtoka machozi, na bado anakaa siku mbili nzima juu ya kitambaa kile, punje kwa punje, kwa kumwogopa Mungu. Wewe Pasaka unamenya viazi. Niambie, Rabi, kati yako na bibi yule, nani nyumba yake haina sheria?"

Mtu asiye na jibu hukimbilia utaratibu. Rabi Perlow alieleza kwamba orodha ya alama haipokelewi na bodi bila sahihi ya mkaguzi na ya mwalimu aliyesahihisha. Kwamba mwisho wa kuipeleka ni kesho yake. Kwamba isipopelekwa, wasichana wote ishirini na sita watakosa matokeo ya mwaka.

"Nazima, dada yangu," alisema Bi Shternfeld kwa sauti ya kubembeleza. "Ni msichana mmoja tu."

"Ni mmoja, Gittel. Usingehitaji sahihi yangu, leo ningekuwa dada yako?"

"Usiwe hivyo."

"Sitii sahihi."

Rabi Perlow alirudisha miwani machoni. Kisha akanigeukia mimi. Aliuliza kama nilisaidia kusahihisha, nikasema ndiyo. Aliuliza kama nina shahada, nikasema ndiyo. "Basi sahihi yako inatosha," alisema, akaniwekea kalamu mbele.

Pasaka ya mwaka ule nilikuwa nimekula wali kwa mama yangu siku zote saba. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mkuu wa shule alikuwa ananitazama. Hizo ni sababu. Sizitoi kama udhuru. Nilitia sahihi.

Nazima aliangalia mkono wangu mpaka ulipomaliza. "Andika na tarehe, binti," alisema. "Sahihi isiyo na tarehe haina kazi."

Niliandika na tarehe.

Hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumwambia Ahuva. Alitoka, akaketi naye kwenye benchi, akamweleza yote: hamsini na nne. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia kila neno.

"Mwalimu, kama ningeandika viazi?"

"Ungepata alama zote."

"Chuo ningekipata?"

"Ungekipata, mwanangu."

"Sasa mbona hukunifundisha niandike viazi?"

Mwanamke huyo, aliyekuwa na jibu kwa rabi, kwa karani wa uwanja wa ndege, kwa kila mtu aliyewahi kumwekea meza mbele yake, hakujibu. Alimshika msichana mkono. Ahuva aliuvuta mkono wake, akaondoka, na hakurudi shuleni hata siku ya kuagana.

Mwezi wa Septemba Nazima alipokea barua. Ilisema kwamba kutokana na "uzoefu wake mpana wa vyakula", bodi imeona afundishe upishi. Nimeishika barua hiyo mikononi. Imepigwa taipu vizuri, haina kosa hata moja la herufi. Mwanamke aliyefundisha kizazi kizima jinsi ya kufikiri, akateremshwa jikoni, katika chumba cha chini karibu na mitungi ya gesi, na aliyeitunga barua akaona amefanya uchale. Katika chumba cha walimu watu walicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikusema kitu, na kutocheka si ushujaa.

Alifundisha upishi miaka kumi. Alifundisha madonge ya nyama yaitwayo kubba, alifundisha sambusa za dengu, alifundisha asali ya tende. Na wakati vitunguu vinakaangwa aliwatupia wasichana mzigo wa adui na punda wa rafiki. Waliotoka Poland waliambiwa waitetee meza ya Baghdad, waliotoka Baghdad waitetee meza ya Poland, na vitunguu viliungua mara nyingi. Bi Shternfeld alipita mlangoni akajifanya anakagua mitungi. Katika darasa la ghorofani, somo la Imani, Desturi na Maadili lilipewa kijana aliyesomesha kwa kuandika ubaoni. Wasichana walinakili.

Kila mwaka, wiki tatu kabla ya Pasaka, aliiandikia bodi barua. Ziko kumi; binti yake alinionyesha nakala. Kila moja ina kurasa tatu, na kila moja inaanza kwa ukurasa mzima na nusu wa kuutetea upande wa Rabi Perlow, kwa haki, kwa upendo hata. Kisha inakuja zamu yake. Kisha ombi moja lisilobadilika: alama kumi na nne za Ahuva Kattan zirudishwe. Hakuomba kurudishwa darasani. Hakuomba kuombwa radhi. Katika miaka kumi bodi ilijibu mara mbili. Jibu la kwanza lilisema barua imepokelewa. Jibu la pili lilimshukuru kwa kupenda vyakula vya asili, likamwomba atume namna ya kupika wali wa Sabato, ili uingizwe katika kijitabu cha mapishi ya jamii mbalimbali.

Alistaafu mwaka 1993. Alifariki Novemba 2001. Katika siku saba za matanga nyumba yake haikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Wanawake wa Ramat Gan na Or Yehuda walikuja na vyungu, wakaketi sakafuni, wakabishana, na nadhani angelipenda hilo. Rabi Perlow hakuja. Bi Shternfeld alikuja, akaniambia mlangoni maneno ambayo nimeyasikia baadaye kwa watu wengi wenye huruma: "Ndivyo zama zilivyokuwa." Nakataa. Zama hazina mikono. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwa mtu, na ya bluu ilikuwa mkononi mwangu.

Ahuva naye alikuja, siku ya sita. Alikuwa anauza vitambaa vya mapazia katika duka la shemeji yake, mama wa watoto wanne. Alikaa karibu na binti wa Nazima, akauliza kama ni kweli kuhusu barua. Akaletewa faili. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akazisoma zote kumi pale pale sakafuni, huku watu wakimruka kwenda kunawa mikono.

"Kila mwaka?" aliuliza.

"Kila mwaka," alisema binti wa Nazima. "Tulikuwa hatupikiwi chakula siku hiyo."

"Mimi nilikuwa nikimwona barabarani," alisema Ahuva, "navuka upande wa pili."

Ombi la kumi na moja tuliliandika watatu: binti wa Nazima, Ahuva, na mimi. Nilitaka liwe na ukali. Ahuva alikataa, alisema lazima lianze na ukurasa mmoja na nusu wa upande wa pili, na aliuandika mwenyewe, kwa mkono, vizuri kuliko mtahini yeyote niliyewahi kumjua. Upande wangu ulikuwa mfupi: kwamba sahihi ya tarehe 27 Juni 1983 ni yangu, kwamba niliitia nikijua si haki, na kwamba naifuta. Bodi ilikaa nalo. Tulilituma tena, na tena, kila mwaka wiki tatu kabla ya Pasaka, mpaka wajumbe wa zamani wakastaafu na wapya wakafungua bahasha.

Waraka wao una mistari minne. Nazima Darwish hajatajwa, wala Nehama. Unasema kwamba kuanzia mtihani unaofuata swali la vyakula vya Pasaka litajibiwa kwa desturi ya nyumba ya mtahiniwa, na kwamba matokeo ya mtahiniwa mmoja wa mwaka 1983 yamerekebishwa. Chuo cha ualimu alichokuwa akikitaka mtahiniwa huyo kilifungwa mwaka 1996. Tarehe 18 Juni 2007 Ahuva Kattan, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, alipokea kwa posta cheti kipya chenye alama sitini na nane.